Meno ya Mauwa

Tambwe alifika Mikelenge, mtaa wa Kindu, jua likiwa bado kali, kapu la samaki wa moshi begani, na hata kiti alichopewa hakukikalia. Alisimama mlangoni kwa Mauwa, mama yake mdogo, kama mtu aliyeshika kitu cha moto na anatafuta pa kukitua.

"Mama mudogo, mama anakuita," alisema. "Kila siku anakuita. Mauwa iko wapi? Mbona Mauwa haji? Nikimwambia ulikuja kiangazi, anasema mimi njo muongo mukubwa wa Lokandu."

Mauwa alivuta ncha ya kikwembe akajifunika mdomo, kama alivyozoea tangu meno yake ya mbele yalipoanza kumtoka. "Nilikuja. Yeye njo alinikataa."

"Hakukukataa. Hakukujua."

Emerance, binti wa Mauwa, alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukatulia ndani ya kinu. Habari ya safari ile ya kiangazi kwenda Lokandu kwao alikuwa amesimuliwa mara moja tu, na mama yake hakutaka kuirudia. Mama mkubwa Feza, mama yake Tambwe, alikuwa amepofuka, macho yamefunikwa na ukungu mweupe, na akili nayo ilikuwa inamponyoka kidogo kidogo. Watu aliwajua kwa vidole. Alimpapasa kila aliyekaa mbele yake, paji la uso, masikio, mashavu, kisha akataja jina, na mara nyingi hakukosea. Lakini alipompapasa mdogo wake akafika mdomoni, akakuta midomo imeingia ndani na ufizi mtupu, aliondoa mkono. "Huyu bibi wa watu, nani amemuleta?" aliuliza. "Mudogo wangu ana meno."

"Hana siku nyingi," Tambwe alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Chakula anaonja tu. Mama mudogo, kama unataka akujue, kuja na meno."

Alilisema kwa mdomo uliozoea mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Alipoondoka, Mauwa alibaki amekaa kizingitini, samaki hawajafunguliwa, inzi wakilizunguka kapu.

Mama yao alikufa Mauwa akiwa bado anatambaa. Feza, ambaye naye alikuwa mtoto, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia ndizi, akamfundisha kuoga mtoni bila kuogopa. Wote wengine waliomwona Mauwa akiwa mdogo walikuwa wameshazikwa. Emerance aliliona jambo hilo usoni pa mama yake bila kuambiwa: kuna mtu mmoja tu aliyebaki duniani wa kumwita Mauwa kama mtoto anavyoitwa, na mtu huyo angeweza kuondoka akimwita bibi wa watu.

"Mama," alisema, "tutakutafutia meno."

Kindu wakati huo haikuwa na daktari wa meno. Jino likikusumbua uling'olewa, ukaenda nyumbani na shimo lako. Lakini mume wa Emerance, Kalala, mfanyakazi wa reli, alimjua mtu. Badibanga alikuwa wa Kasai kama yeye, mtu wa ukoo mmoja, aliyejifunza kutengeneza meno Lubumbashi kabla ya kufuata reli hadi Kindu. Kazi yake aliifanya katika chumba cha nyuma ya nyumba, karibu na stesheni: ndoo ya plasta, taa ya kuyeyushia nta, mashine ndogo inayozungushwa kwa mguu kama cherehani, na ukutani picha ya Rais, kama ilivyokuwa katika kila chumba nchini.

Shida ilikuwa moja. Kwa kuwa ni ndugu wa Kalala, Badibanga naye alihesabiwa kuwa mkwe. Na kwa watu wa Kasai, mama mkwe hafungui mdomo mbele ya mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hacheki mbele yake, wakikutana njiani mmoja anapotelea kwenye majani. Kwao Mauwa, Lokandu, heshima hiyo ilikuwepo lakini haikubana hivyo. Hata hivyo, siku binti yake alipoolewa, Mauwa aliibeba heshima yote ya Kasai, asije mtu akasema Emerance hakuzaliwa na mama mwenye adabu. Aliishi katika kijumba chake nyuma ya nyumba ya binti yake, na kwa miaka yote hiyo Kalala hakuwahi kumwona akitafuna hata karanga. Leo ndugu wa Kalala alitakiwa kuingiza vidole kinywani mwake.

Badibanga hakuwa mtu wa kushindwa na jambo kama hilo. Walipofika, aliwapokea kwenye ua akiwa na kuku aliyefungwa miguu na kikwembe kipya kilichokunjwa. Alivitua mbele ya miguu ya Mauwa, akarudi nyuma macho yakitazama chini.

"Mamwenu," alisema, maana ndivyo kwao wanavyomwita mama mkwe, "huyu kuku anafungua mudomo. Hiki kikwembe kinafunika macho yangu. Leo mimi si mukwe, mimi njo fundi tu. Kesho nitakuwa mukwe tena, nitakukimbia njiani kama kawaida."

Mauwa alicheka nyuma ya kitambaa chake, mabega yakitikisika. Akaingia, akakaa, akafumba macho. Mdomo ulikuwa umefunguliwa kwa kuku, lakini maneno hayakufunguliwa. Kila alichotaka kusema alimnong'oneza Emerance akiwa amegeuza uso upande wa ukuta, na Emerance ndiye aliyemfikishia fundi.

"Uma, mamwenu," Badibanga alisema, akisukuma nta laini kwenye taya la juu. "Uma polepole. Usinile kidole, ndicho kinalisha watoto wangu. Njo hivyo. Tulia sasa, usiachie mpaka ipoe."

Emerance aliuliza kama meno hayo yatakaza.

"Yatacheza kidogo, sitwayeni Onema."

"Emerance."

"Emerance, basi. Humu ndani hakuna mutu wa chama wa kutusikia." Chama kilikuwa kimeamuru wanawake waitwe sitwayeni, yaani raia, na majina ya watakatifu yalikuwa yameondolewa kwenye vyeti vya watu; yeye kwenye karatasi zote alikuwa Onema, na nyumbani Emerance. "Ufizi wake umeshuka. Meno haya yatakaa juu yake kama kofia juu ya kichwa. Kuna daktari mumoja alipita hapa, alitoka Ubelgiji, akanieleza kwamba kule sasa wanatoboa mfupa wa taya wanapanda ndani kitu kama skrubu. Chuma! Mfupa wenyewe unakishika, kama udongo unavyoshika muhogo. Halafu jino linafungwa juu yake. Hilo halitoki hata upigane na bibi yako."

"Na hapa kwetu?"

"Hapa kwetu tunamushukuru Mungu kwa kofia." Akafuta mikono. "Niambie sasa, meno yake ya zamani yalikuwa namna gani? Naona umri wake, na naona kwao njo kule chini ya mto. Watu wa kule wengi walichonga. Yeye walimuchonga?"

Emerance alihisi uso wake ukipata moto.

Ndiyo, walimchonga. Meno manne ya juu, yenye ncha kama ya msumeno. Emerance alikua nayo kama anavyokua mtoto na sauti ya mama yake, bila kuyafikiria, mpaka mwaka wa kwanza alipokuwa shuleni kwa Masista na mama yake akaja kumchukua siku ya kufunga shule. Mauwa alimwona bintiye kwa mbali akacheka kwa furaha, mdomo wazi, mbele ya darasa zima. Msichana mmoja akasema kwa sauti, "Emerance, mama yako anakula watoto wangapi kwa siku?" Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Mwaka uliofuata Emerance alimwomba mama yake amsubiri nje ya lango. Mauwa hakuuliza sababu. Tangu hapo alitabasamu midomo ikiwa imefungwa, miaka mingi kabla ya jino la kwanza kumtoka.

Kwenye kiti, Mauwa, macho yamefumbwa na kinywa kimejaa nta, alitoa sauti kooni akainua mkono. Emerance alidhani anaumia. Akaushika mkono ule, akaukanda kwa upole.

"Ya kawaida," alimjibu fundi. "Yalinyooka. Kama ya watu wote."

"Haya. Nitampa meno ya bibi arusi."

Mkono wa Mauwa ulitulia ndani ya mkono wa bintiye, halafu ukalegea.

Njiani kurudi Emerance alijieleza moyoni. Mama mkubwa alikataa ufizi mtupu. Akikuta meno, atamjua mdogo wake. Meno ni meno. Na mama yake angeweza tena kucheka mbele ya watu. Alijieleza vizuri, kama mwanafunzi anayejibu swali ambalo mwalimu hakuliuliza.

Meno yalipokuwa tayari, mtaa mzima ulikuja kuyaona. Yalikuwa meupe na sawasawa, yamepangwa juu ya ufizi wa plastiki wa rangi ya waridi. Bitota, jirani wa upande wa pili wa ua, alimzunguka Mauwa mara mbili kama anayekagua mbuzi wa kununua.

"Ee! Mama Mauwa amekuwa musichana! Sasa sikia, mwenzangu, kaa mbali na muzee wangu. Yule akiona meno anasahau nyumba yake."

"Muzee wako abaki nawe," Mauwa alijibu, na neno likatoka na mluzi kati ya meno. Watu wakacheka, naye akacheka. Nyuma ya nyumba Kalala akapaza sauti, "Hongera, mamwenu! Mimi sitazami!"

Lakini walipokwenda wote, Emerance alimkuta mama yake ameshika kioo kidogo, ulimi wake ukipita kwenye makali ya meno, ukienda na kurudi, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Yanaumiza, mama?"

"Hapana."

"Yanacheza?"

"Kidogo. Si neno."

"Basi kuna nini?"

Mauwa alimtazama bintiye kwa muda. Emerance alikuwa na uso uleule wa mtoto aliyesimama nje ya lango la shule, akiomba bila kusema. "Umenifanyia vizuri, mama," Mauwa alisema, akimwita kama wazazi wanavyowaita mabinti wanaowapenda. Akakilaza kioo kifudifudi.

Emerance alisikia kwamba kuna neno lililobaki ndani. Hakuliuliza. Aliogopa kulisikia.

Waliteremka mto hadi Lokandu kwa mtumbwi wa mota, katikati ya magunia ya chumvi na wanawake wanaokwenda kununua samaki. Mauwa alivaa kikwembe kile kipya cha Badibanga. Safari nzima alishika mdomo wake kwa mkono, maana mota ilitikisa kila kitu, na meno nayo yakagongana ndani kwa sauti ndogo.

Feza alikuwa amekaa juu ya mkeka mbele ya mlango, kwenye jua. Alikuwa amepungua hata Emerance akadhani ni msichana amekaa pale. Tambwe aliinama sikioni pake.

"Mama, Mauwa amefika."

Uso wa mzee ukafunguka wote. "Mauwa! Kuja. Kuja hapa karibu."

Mauwa akapiga magoti. Mikono miwili mikavu ikamshika kichwa, ikapita kwenye paji la uso, ikavuta masikio kidogo, ikateremka mashavuni. Feza alikuwa anacheka peke yake. "Umekonda, mudogo wangu. Kindu hawakulishi?" Emerance alikuwa amesimama nyuma yao. Kisha kidole kikafika mdomoni. Kikapita juu ya meno upande mmoja, kikarudi upande wa pili. Kikapita tena, polepole zaidi. Kicheko cha Feza kilizimika.

"Tambwe, kwa nini unanichezea?"

"Mama, njo yeye. Njo Mauwa."

"Huyu ana meno ya Masista."

"Yaya," Mauwa alisema, kama alivyomwita dada yake tangu utoto, "ni mimi." Lakini ile sahani ya plastiki inayoshika meno ilimbadilisha sauti, na mluzi ukapita katikati ya neno. Haikuwa sauti yake.

Feza aliirudisha mikono yake mapajani. Kilichofuata ndicho kilichomuumiza Emerance kuliko kama wangefukuzwa: mama yake mkubwa aliingia katika adabu. Alijiweka sawa, akafunga kitambaa chake vizuri, akazungumza kama mtu anavyozungumza na mgeni anayestahili heshima.

"Usikasirike, mama. Mutoto wangu anapenda muzaha, ni tabia ya baba yake Hamadi, Mungu amurehemu. Karibu sana. Unatoka wapi?"

"Kindu," Mauwa akasema.

"Kindu! Basi Mungu mwenyewe njo amekuleta. Iko mudogo wangu kule, anaitwa Mauwa. Utamujua tu. Meno yake na yangu yalichongwa siku moja, na muntu mumoja." Akafunua midomo kumwonyesha, na zile ncha zilikuwepo bado, zimechakaa, moja imevunjika. "Umwambie aje. Umwambie sina hasira, lakini aje upesi."

"Nitamwambia," Mauwa alisema.

Emerance alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha kukaushia samaki, akalia kwa kuziba mdomo asisikike. Hakujua amekaa pale muda gani mpaka mama yake alipokuja akakaa kando yake. Hakumlaumu. Alikuwa ameshika tupa ya Tambwe, ile ya kunolea ndoano.

"Macho yangu hayaoni tena vitu vya karibu," alisema. Aliyatoa meno kinywani, akayafuta kwa kikwembe, akayaweka kwenye kiganja cha bintiye. "Chonga wewe."

"Mama, nitayavunja."

"Utayachonga polepole. Anza na hili. Huku na huku, ncha ibaki katikati."

Basi Emerance alianza kuchonga. Tupa ililia juu ya meno yale, na vumbi jeupe likamwangukia mapajani. Na Mauwa, mdomo mtupu, bila mkwe karibu wala mtu wa kumwonea haya, alisimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia. Siku ile ya kuchongwa meno ilikuwa ya Feza peke yake. Mauwa alikuwa bado mdogo, watu wazima walisema asubiri. Lakini aliona dada yake anavikwa shanga, anaitwa, anakwenda kuwa mtu mkubwa bila yeye, akagaagaa chini mpaka mhunzi akasema, haya, mleteni na huyu. Feza alichongwa kwanza. Halafu, damu bado ikimtoka mdomoni, akakaa chini akakilaza kichwa cha mdogo wake mapajani, akamshika mashavu kwa mikono miwili ili asitikisike chini ya patasi. Hakumwachia mpaka lilipoisha la mwisho. Baadaye walikula ndizi za kupondwa kutoka bakuli moja, kwa siku nyingi, wakichekana midomo iliyovimba.

"Yeye njo alikuwa anapitisha kidole kila asubui kuona kama kidonda kinapona," Mauwa alisema. "Meno yangu anayajua kuliko mimi."

Emerance aliacha kuchonga. "Kwa nini hukusema, mama? Pale kwa Badibanga. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Ukanishika mukono."

"Na nyumbani je?"

Mauwa aliokota chembe ya vumbi jeupe kwenye kikwembe cha bintiye. "Nyumbani ulikuwa umefurahi. Nami nilijua unaona haya tangu zamani. Nikasema labda Feza atasahau na hilo, kama anavyosahau mengine." Akapapasa jino lililochongwa. "Hili bado. Ongeza kidogo huku."

Waliimaliza kazi asubuhi iliyofuata, maana Emerance hakutaka kuharakisha. Hayakuwa meno mazuri. Ncha moja ilikatika, nyingine ilipinda. Lakini Mauwa alipoyavaa na kufungua mdomo, Emerance aliona, kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, mwanamke yule aliyecheka mbele ya darasa zima, na akatamani angeweza kumkimbilia.

Feza alikuwa amekunywa uji kidogo. Tambwe alimwambia tu, "Mama, iko muntu hapa," wasije wakaharibu kwa jina. Mauwa alipiga magoti bila kusema neno. Mikono ikapita paji la uso, masikio, mashavu. Kidole kikafika kwenye ncha ya kwanza, kikasimama.

Kikaenda ya pili. Ya tatu.

"Haya njo meno ya Mauwa," Feza alisema.

Mauwa alilia, bado hajathubutu kusema. Na Feza, kwa furaha, akayashika meno yale kwa vidole viwili, kama alivyofanya zamani asubuhi kwa asubuhi, akayatikisa kidogo. Sahani ikaachia ufizi. Ikateleza juu ya mdomo wa chini, ikaangukia kwenye kiganja chake.

Feza aliigeuza ile sahani mkononi, akapapasa ncha, akapapasa plastiki laini ya upande wa juu. Kisha akanyoosha kidole tena kwa yule aliyepiga magoti mbele yake, akakuta midomo iliyoingia ndani na ufizi mtupu. Bibi wa watu.

"Meno ya Mauwa," alisema polepole, "bila Mauwa."

"Mama, sikiliza," Tambwe alianza.

"Nyamaza, Tambwe. Muntu akiwa hai hatoi meno yake kumupa mugeni." Alimgeukia yule bibi, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Wewe njo wa jana, wa Kindu. Ulikuwa umetumwa, ukaogopa kuniambia. Mudogo wangu amekufa. Ni kweli?"

Emerance alifungua mdomo kusema hapana, mama mkubwa, ni yeye, mshike tena, ni yeye. Mama yake aliinua mkono. Safari hii Emerance hakuushika. Aliona mama yake anamtazama Feza, anayatazama yale macho meupe yanayosubiri, uso uliochoka kuuliza kila siku mbona haji. Angekataa, wangerudi palepale, kesho na keshokutwa, mpaka mwisho.

"Ni kweli, mama," Mauwa alisema.

Feza alianza kilio. Kilikuwa kilio kamili, cha kumwita marehemu kwa jina na kwa majina ya baba zake, na sauti yake, iliyokuwa nyembamba tangu wafike, ilipata nguvu kutoka mahali fulani. Wanawake wa jirani walikuja mbio. Tambwe aliwazuia kwenye ua, akawanong'oneza mambo yalivyo, mikono ikiwa kichwani. Walitazamana. Halafu mmoja akafungua kilemba, akaja akakaa chini, na wengine wakamfuata, kwa kuwa mtu anayelia hawezi kuachwa alie peke yake. Wakamlilia Mauwa. Na Mauwa aliyekuwa katikati yao akamvuta dada yake mapajani, akamlilia naye.

Kilio kilipotulia, Feza aliuliza, "Alikufa vibaya?"

"Hapana. Alilala tu."

"Alinitaja?"

"Alikutaja. Alitaka kuja."

"Nami nilikuwa na hasira naye, moyoni. Nilisema amenisahau. Kumbe hakuweza."

"Hakuweza," Mauwa alisema.

Feza akavuta pumzi ndefu, na Emerance aliona mwili wake wote ukilegea, kama mtu aliyeambiwa anaweza sasa kutua mzigo. Meno bado alikuwa ameyafumbata mkononi.

"Nitakuambia kitu, mama, kwa sababu ulimujua," alisema. "Wakati mimi ni musichana alikuja bwana kutoka Kailo. Bwana muzuri, ana shamba, ana mbuzi. Alitaka kunioa anipeleke kwao. Nikamukataa. Watu walisema nina wazimu, nikawaambia simupendi. Nilimupenda sana. Lakini Mauwa alikuwa bado mudogo, nikafikiri, nikienda, nani atamushika mukono mtoni?"

Mauwa aliinama juu ya kichwa cha dada yake, akauliza kama mgeni anavyouliza:

"Na alijua?"

"Hakujua. Nilitaka kumwambia akija."

Mauwa alimpangusa dada yake uso kwa ncha ya kikwembe, kisha akarudia tena mahali palepale pakavu. Emerance alichukua ndoo akateremka mtoni, maana watu walizidi kuja, na nyumbani hapakuwa na maji ya kuwatosha.